Fundi na Upande wa Kushoto

Macho ya mume wangu hayana kasoro. Daktari wa macho hapa Nakuru alimwonyesha herufi moja moja kwa kijiti, akazitaja zote mpaka zile ndogo za chini. Kisha akamchezeshea kidole upande wa kulia, akakiona; akamchezeshea upande wa kushoto, akakiona pia. Tulipotoka aligonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango na kuendelea kutembea, wala hakugeuka kutazama kilichomgonga. Naandika haya kwa ajili ya familia zilizo na mtu wa namna hii nyumbani, aliyeumia ubongo akawa anapuuza upande mmoja wa dunia bila kujua. Wengi huondoka hospitali wakiambiwa mgonjwa wao anatembea, anaongea, anakumbuka majina ya watu, basi amepona. Hakuna anayewaandaa kwa siku watakapomwona anamaliza nusu ya sahani na kulalamika kwamba chakula kilikuwa kidogo.

Yeye ni fundi cherehani. Alikuwa akirudi kutoka Njoro jioni na furushi la vitambaa vya sare za shule, pikipiki ikateleza kwenye changarawe, akaangukia upande wa kulia wa kichwa. Helmeti ya abiria ilikuwa imetundikwa kwenye usukani, kama ilivyo kwenye boda boda nyingi za kwetu. Picha ya kichwa ilionyesha damu imejikusanya kati ya fuvu na ubongo, na ubongo wenyewe umechubuka sehemu ya juu kuelekea kisogoni. Madaktari wa upasuaji waliitoa ile damu, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo. Wodini tuliishi kwa kufuata namba. Kuna kipimo cha fahamu kinachoitwa kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974: alama 3 ni mtu aliyezama kabisa, 15 ni aliye macho na fahamu zake. Kila asubuhi tuliwauliza wauguzi leo ni ngapi. Ilipofika 15 mama mkwe alipiga vigelegele hadi akaombwa anyamaze. Lakini kipimo kile huangalia mambo matatu tu, yaani mtu anavyofungua macho, anavyojibu, na anavyosogeza viungo. Unaweza kupata 15 kamili huku nusu ya dunia imekutoka.

Nyumbani ndipo mambo yalipojitokeza. Alinyoa ndevu za shavu la kulia, la kushoto akaliacha na povu lake. Alivaa ndara mguu mmoja, akaanza safari. Mkono wa kushoto haukupooza, nguvu ulikuwa nazo, lakini ulining'inia bila kazi mpaka umkumbushe. Ukimwita kutoka kushoto anajibu vizuri, ila anakutafuta kulia, mahali ambapo hupo. Kilichotuumiza zaidi kilikuwa salamu. Mtaani kwetu Kaptembwa kutoitikia salamu ni jambo zito, na waliompitia upande wa kushoto walirudi na maneno: fundi siku hizi ana maringo, fundi ana kinyongo na watu. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa.

Aliyetueleza ukweli ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, binti mdogo kwa umri. Hakutumia mashine. Alitandika mezani karatasi iliyojaa mistari mifupi iliyotawanyika, akasema, "Mzee, kata kila mstari unaouona." Ni zoezi la tangu 1973, linajulikana kwa jina la Albert. Mume wangu alikata mistari ya upande wa kulia yote, taratibu, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea chaki na mkasi, kisha akalaza kalamu. "Nimemaliza, binti yangu." Nusu ya kushoto ya karatasi haikuwa imeguswa. Akaambiwa achore saa. Namba zote kuanzia 1 mpaka 12 zikasongamana upande wa kulia wa duara. Akapewa mstari mrefu atie alama katikati. Alama ikaenda karibu na mwisho wa kulia. Huyu ni mtu ambaye alikuwa akipata katikati ya kitambaa kwa jicho tupu, bila tepu. Alama ile iliniuma kuliko picha ya hospitali.

Kisha binti yule akachezesha vidole viwili kwa wakati mmoja, kimoja kila upande. Kimoja kimoja mume wangu aliviona vyote. Vikija pamoja, cha kulia kilikifuta cha kushoto, naye akaapa kwamba ni kimoja tu kilichosogea. Hapo nikaelewa jinsi kipimo cha macho kilivyopita vizuri.

Tulielezwa hivi. Macho hupokea mengi kuliko tunayoyashughulikia, na ubongo ndio unaochagua kipi kipewe nafasi. Sehemu iliyochubuka, inayoitwa parietali, ya upande wa kulia, ni mojawapo ya zinazogawa uangalifu huo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba nusu ya kulia ya ubongo huangalia pande zote mbili, ilhali nusu ya kushoto huangalia zaidi upande wa kulia. Ikiumia ya kushoto, ya kulia husaidia. Ikiumia ya kulia, kushoto hakubaki na mlinzi. Ndiyo maana hali hii ya kupuuza upande mmoja huwapata zaidi, na kwa ukali zaidi, walioumia au waliopigwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo.

Nilimwuliza binti yule kama mume wangu anauona upande ule mweusi. Akanijibu nifikirie kisogo changu: hakuna mtu anayeona giza nyuma ya kichwa chake, nyuma hakuna kitu tu, wala hatuhisi kwamba tumekikosa. Jibu hilo limenisaidia kuliko yote niliyosikia baadaye. Mtu ambaye hajui kwamba kuna kitu kimekosekana hatakitafuta, hata umwambie "tazama kushoto" mara ngapi. Anatazama kushoto ya ile nusu aliyobaki nayo, na anaona ametii.

Wapo ambao jeraha limekata njia yenyewe ya kuona, huko kisogoni, wakapoteza nusu ya uwanja wa kuona wa macho yote mawili. Hao mara nyingi hugundua pengo na kuanza kugeuza shingo wenyewe. Kuna wenye yote mawili kwa pamoja. Mazoezi yao hayafanani, kwa hiyo ukienda kliniki usiishie kusema "haoni upande mmoja." Eleza anachofanya: anagonga milango, anaacha chakula, anajua au hajui kwamba ameacha.

Jambo moja lilinishangaza mno. Mtaalamu alisema kwamba mwaka 1978 huko Milano, Italia, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti waliwaomba wagonjwa wa namna hii waufikirie akilini uwanja mkubwa wa kanisa kuu la mji wao, wakijiweka upande mmoja wa uwanja, wakautazama upande wa pili. Walitaja majengo ya kulia, ya kushoto wakayaacha. Kisha wakaombwa wajifikirie wamesimama ng'ambo, wakitazama walikotoka. Wakataja yale waliyoyaacha, na kuyaacha yale waliyokwisha kuyataja. Kumbukumbu zilikuwepo zote. Kilichokosekana ni kuuangalia upande wa kushoto hata ndani ya mawazo.

Jioni ile nilimwuliza mume wangu, tukiwa sebuleni, kilomita nzima kutoka kazini. "Baba watoto, jifikirie umesimama mlangoni pa duka lako, unatazama barabara. Nitajie majirani zako." Akamtaja kinyozi, muuza mitumba, fundi viatu. Mama mboga na wakala wa M-Pesa, ambao amepakana nao miaka yote, hakuwataja. Nikanyamaza kidogo, kisha nikamwambia avuke barabara kimawazo na kulitazama duka kutoka ng'ambo. Akaanza na mama mboga, akamsifia sukuma wiki zake, akamtaja wakala wa M-Pesa na mwavuli wake wa kijani. Kinyozi, ambaye ni rafiki yake wa kucheza drafti, akatoweka. Kijana wetu alinitazama, nami nikamtazama. Tangu usiku ule hakuna aliyetaja uchawi tena nyumbani kwetu.

Kutojua kwamba unaumwa nako ni sehemu ya ugonjwa. Joseph Babinski aliandika juu yake huko Ufaransa mwaka 1914 na kuipa hali hiyo jina linalotumika hadi leo. Kubishana hakufai kitu. Mtaalamu hakumwambia mume wangu kwamba amekosea. Alimwachia ile karatasi ya mistari, akamwomba aizungushe mwenyewe kwa mkono wake. Alipoizungusha na kuona mistari mipya ikitokea kulia alikaa kimya, kisha akauliza kwa sauti ya chini ilikuwa wapi. Nyumbani tulifanya vivyo hivyo na sahani. Tulimrekodi pia kwa simu akipanga meza, tukamwonyesha video hiyo kwenye kioo cha simu kilichoshikwa upande wake mzuri. Mtu anayejiona akipita kikombe hivi hivi haombwi kuamini neno la mkewe.

Msingi wa mazoezi ni ukingo. Anafundishwa kwamba hakuna kazi inayoanza kabla ya kuupata mwisho wa kushoto. Huko New York miaka ya 1970, Leonard Diller, Joseph Weinberg na wenzao walikuwa wakichora mstari kwenye pambizo ya kushoto ya ukurasa ili msomaji autafute kabla ya kusoma, na mpaka leo njia hiyo ndiyo hutumika zaidi. Sisi tulitumia uzi mwekundu wa kushonea. Tuliubandika ukingoni mwa meza, ukingoni mwa gazeti, kwenye fremu ya mlango uliokuwa ukimgonga. Sharti lilikuwa moja: kidole cha mkono wa kushoto kiguse uzi kwanza.

Gazeti lilikuwa kazi kubwa. Alikuwa akianza kila mstari katikati, habari inakosa kichwa wala miguu, naye akasema waandishi wa siku hizi hawajui kuandika. Hata ndani ya neno, mwanzo wake ulimponyoka. Kiswahili kinaweka mambo mazito mwanzoni mwa neno, basi "hawatalipwa" ya kwenye gazeti aliisoma "watalipwa" na kunipa habari njema ambayo haikuwepo. Tulisoma habari fupi fupi za Taifa Leo, kila mstari ukianzia kwenye uzi. Tulisoma asubuhi. Akichoka, au redio ikiwa juu na watoto wanapiga kelele, kushoto hupotea upya, na hilo si uvivu. Hali ya kuwa macho na mwenye ari hubeba sehemu kubwa ya uangalifu.

Mkono nao ulipewa kazi. Ian Robertson na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba kusogeza mkono wa kushoto, ukiwa upande wa kushoto, hupunguza kupuuza kule. Hata kugongagonga vidole mezani kunafaa. Nimesoma pia juu ya miwani ya prizimu, ambayo Yves Rossetti na wenzake walichapisha habari zake mwaka 1998: vioo vinasukuma picha digrii 10 kulia, mgonjwa anaonyesha vitu kwa kidole mpaka mkono uzoee, na akiivua mkono na uangalifu vinaelea kushoto kwa muda. Utafiti uliofuata haukukubaliana kuhusu faida yake katika shughuli za kila siku. Sisi hatukuitumia, na sikuona tumepungukiwa.

Vita vyangu vikubwa vilikuwa na upendo wa mama mkwe. Alimpangia mwanawe kila kitu kulia: kikombe kulia, dawa kulia, kiti cha mgeni kulia. Mimi nilikuwa navirudisha kushoto.

"Mwanangu alifika mlango wa kaburi," aliniambia, "na wewe unamfichia kikombe?"

"Mama, sijakificha. Kiko pale pale, mwache akitafute."

Nasimamia jibu langu, lakini nililiwekea mipaka, na mtaalamu alikubaliana nami. Wiki za mwanzo, mtu akiwa bado dhaifu, mkaribie kwa upande anaoujua, asishtuke. Vitu vya moto havifanyiwi mazoezi: jiko, chai inayochemka na pasi ya makaa vilikaa kulia au havikukaa kabisa. Vingine vyote, na sisi wenyewe, tulihamia kushoto kidogo kidogo. Kitanda tulikigeuza ili mlango na maongezi ya watu viwe upande huo.

Baada ya miezi kadhaa karatasi za kliniki zilikuwa nzuri. Mistari ilikatwa karibu yote, saa ikawa saa. Tukapongezwa, tukaongezewa muda kati ya kliniki moja na nyingine. Ndipo akanikatia blauzi. Alilaza kitambaa, akachora, akakata, akashona asubuhi nzima akiimba, akaniita nijaribu. Kola ilikuwa na ncha moja. Upande wa kulia ulikaa kama alivyokuwa akishona zamani, mshono mwembamba uliolala sawasawa. Upande wa pili kitambaa kiliishia hewani, nyuzi zikiwa zimeachia. Alinizunguka akipiga pasi kwa kiganja, akaridhika. Niliivaa kola ile mpaka jioni, kisha nikaiweka mkononi mwake na kumwomba aipapase akiwa amefumba macho, kutoka ncha hadi ncha. Vidole vyake vilifika pale ilipoishia, vikarudi, vikafika tena. Hakusema neno. Kesho yake alitangulia kliniki kabla yangu, na kola mfukoni.

Nadhani hapo ndipo ilipo shida ya huduma nyingi za aina hii. Mtu anakuwa hodari wa karatasi. Anajua kwamba chumba kile na meza ile vinataka kushoto, akirudi kwenye maisha yake ujuzi unabaki kliniki. Binti yule wa tiba kazi alielewa haraka, na namsifu kwa hilo: aliomba aone duka. Alikaa kwenye stuli akatazama kazi ya cherehani, akauliza maswali kama mwanafunzi. Kwenye cherehani gurudumu liko kulia, sindano iko kushoto, na sehemu kubwa ya kitambaa humwagikia kushoto kwa sindano, ikiongozwa na mkono wa kushoto. Yaani chombo chake cha kazi ndicho kilichokuwa kikimdai upande aliokosa, kila dakika. Hakuna karatasi ya hospitali inayodai hivyo.

Basi mazoezi yakawa ushonaji. Kiganja cha kushoto kinatandaza kitambaa mpaka kiguse uzi mwekundu uliobandikwa mezani, ndipo mguu unaruhusiwa kukanyaga. Tepu husomwa kuanzia sifuri iliyo kushoto, na kidole kimeishika. Kola hukatwa kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, ili ncha zote zitoke mkasi mmoja. Kwanza alishonea magazeti, yakafuata mapindo ya leso, kisha sketi za sare, ambazo zina mistari mirefu iliyonyooka. Kijana anayejifunza kazi kwake hupewa kila nguo aigeuze ndani nje kabla haijapigwa pasi. Pasi ni ya kijana.

Mapema mwaka, shule zinapofunguliwa, sketi humlipia kodi ya duka. Suti hachukui, anawaelekeza wateja kwa fundi mwenzake bila kuona haya. Salamu tumezitatua kwa kuwaambia watu ukweli: mwiteni kwa jina na msubiri ageuke. Mama mboga sasa humgusa bega la kushoto kabla ya kumwamkua.

Bado tuna barabara. Huku kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo ukishuka tu ukingoni, gari la kwanza kukufikia linatoka kulia kwako. Hilo analiona. Ukishapita katikati, yanayokufikia yanatoka kushoto, naye anakuwa ameshajihesabu amevuka. Watoto wetu wamefundishwa kutazama kulia, kushoto, kulia tena, wakiwa ukingoni. Yeye anahitaji kusimama na kuanza upya katikati, na boda boda haiheshimu upande wowote. Za mtaani anavuka peke yake sasa, akigusa paja la kushoto kwa vidole afikapo katikati, kisha akigeuza kichwa mpaka kidevu kifike begani. Barabara kuu ya kwenda Eldoret tunavuka pamoja, nami natembea kushoto kwake. Ameniambia anataka kuijaribu peke yake kabla ya mvua kubwa kuanza. Nimemwambia binti wa tiba kazi aje tusimame naye pale kwanza, asubuhi ya Jumapili, magari yakiwa machache.